Kampuni Hodhi Inaponunua Hisa Zake, na Bosi Naye Akanunua

Ujumbe ulinifikia kupitia kwa baba mdogo, mwalimu mstaafu wa Kibosho, naye aliupata kwenye kundi la WhatsApp la wastaafu wenzake: "Kampuni inanunua hisa zake yenyewe. Mkurugenzi naye kanunua. Wenyewe wanajua kilichomo ndani. Wewe unasubiri nini?" Baba mdogo si mgeni wa hisa. Ana za CRDB tangu zamani, na akijaliwa afya hupanda Coaster hadi Arusha kuhudhuria mkutano mkuu wa wanahisa pale AICC, akarudi na maswali ya kututosha mwaka mzima. Safari hii swali lilikuwa fupi. "Mwanangu, ninunue au nisinunue?"

Tulikutana Moshi mjini, karibu na Mnara wa Saa. Yeye aliagiza chai ya rangi, mimi nikafungua daftari, maana mambo haya hayaelezeki kwa simu. Ujumbe ule ulikuwa umefunga kamba moja mizigo miwili isiyofanana: fedha ya kampuni kununua hisa za kampuni, na fedha ya mtu kununua hisa za kampuni anayoiongoza. Wa kwanza unaupiga hesabu. Wa pili inabidi usome nia ya mtu, na hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Kwanza kampuni yenyewe. Kampuni hodhi haifyatui matofali wala haisagi unga. Kazi yake ni kushika: inashika hisa za kampuni nyingine, hati fungani (karatasi za mkopo zenye riba), majengo, fedha taslimu. Neno lenyewe wengi tulilizoea kwenye reli, enzi za RAHCO, kampuni hodhi ya rasilimali za reli, kabla haijaunganishwa na TRL, iliyoendesha treni, mwaka 2017 kuwa shirika la TRC. Kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE) mfano ulio wazi ni NICOL, iliyoorodheshwa 2008, ikaondolewa 2011, ikarejea 2018, na ambayo uti wa mgongo wa mali zake ni hisa za benki ya NMB. Mwingine ni TCCIA Investment, iliyoingia sokoni 2018 ikiwa na kapu la hisa za kampuni mbalimbali. Ujumbe wa baba mdogo haukuihusu yoyote kati ya hizo, na iliyohusika siitaji hapa kwa sababu hoja si kampuni ile.

Baba mdogo alinielewa haraka zaidi nilipomrudisha kwenye kikundi cha mama mdogo. VICOBA yao ina sanduku lenye kufuli tatu, na kila mwanachama ana hisa zake. Mmoja akihamia Dodoma katikati ya mzunguko, kikundi kinamlipa kutoka sandukuni. Kikimlipa sawasawa na kilichomo, hakuna aliyepata wala aliyepunjwa. Kikimlipa pungufu, waliobaki wameongezeka bila kuchangia hata senti. Kikimlipa zaidi, wamemtajirisha aliyeondoka kwa jasho la wanaobaki. Kampuni kununua hisa zake ni jambo hilohilo, ila sanduku ni kubwa na wenye hisa wengi hawajawahi kulichungulia.

Nikamwandikia namba. Tuseme kampuni hodhi, ukishatoa madeni, ina mali za shilingi bilioni 10 na hisa milioni 10. Nyuma ya kila hisa pana mali ya shilingi 1,000. Sokoni hisa inauzwa 600. Kampuni inanunua hisa milioni 1 kwa shilingi milioni 600, inazifuta. Zinabaki mali za bilioni 9.4 na hisa milioni 9, yaani karibu shilingi 1,044 kwa hisa. Asiyeuza ameongezewa 44 akiwa amelala. Sasa geuza. Soko limechangamka, hisa inauzwa 1,300, kampuni inanunua idadi ileile. Imetumia bilioni 1.3, zimebaki bilioni 8.7 kwa hisa milioni 9, karibu 967. Tangazo ni lilelile, mwenyekiti anasema yaleyale kuhusu imani ya bodi kwa mustakabali wa kampuni, na mwanahisa amepoteza 33.

Kwa hiyo ukisikia kampuni inanunua hisa zake bila kuambiwa bei na bila kujua thamani ya mali, hujasikia kitu bado. Na hapa kampuni hodhi inamhurumia msomaji. Kiwanda cha soda utakikadiria kwa kubahatisha. Mashine ina thamani gani, chapa ina thamani gani, nani ajuaye? Kampuni inayoshika hisa zilizoorodheshwa unaifungulia taarifa ya mwaka, unachukua idadi ya hisa inazomiliki, unazidisha kwa bei ya leo, unajumlisha fedha na hati fungani, unatoa madeni, unagawanya kwa idadi ya hisa zake yenyewe. Ni kazi ya jioni moja. Nashangaa ni wachache kiasi gani wanaoifanya kabla ya kusambaza vidole gumba.

"Sasa," akauliza baba mdogo, "kitu cha 1,000 kinauzwaje 600 mchana kweupe? Watu wote hawa ni vipofu?"

Swali zuri kuliko la kwanza. Nikamuuliza kuhusu kihamba cha babu, lile shamba la ukoo lenye migomba. Kwa bei za Kibosho za sasa, tuseme kinafika milioni 200, na warithi ni kumi. Nenda kauze fungu lako kwa milioni 20 uone. Mnunuzi wa nje atauliza: nitaruhusiwa kukata migomba? Nitaruhusiwa kuuza? Wazee wa ukoo watakubali lini? Akishasikia majibu atakupa milioni 6, nawe utashukuru. Ardhi haijapungua thamani. Kilichokosekana ni amri juu yake. Mwenye hisa chache za kampuni hodhi yuko hapohapo. Mali ipo, lakini hawezi kuamuru iuzwe, hawezi kuamuru agawiwe, na kila mwaka menejimenti inakula mshahara na kodi ya ofisi kutoka kwenye kapu lilelile. Ongeza soko ambalo siku nyingine hisa hazipati hata mnunuzi mmoja. Punguzo linalozaliwa hapo si upofu wa watu. Ni bei ya kukosa sauti.

Ndiyo maana nasema mkurugenzi wa kampuni hodhi anajua kitu tofauti na mkurugenzi wa kiwanda. Wa kiwanda anajua mapema kama mauzo yameporomoka. Huyu wa kampuni hodhi, kama hakai kwenye bodi ya benki ambayo kampuni yake inaishikia hisa, hajui bei ya kesho ya benki hiyo kukuzidi wewe. Nyote mnausoma ubao mmoja. Anachojua yeye ni wazee wa ukoo wanawaza nini. Je, bodi inataka kuuza mali na kugawa? Itaongeza gawio, yaani faida wanayogawiwa wanahisa? Itaendelea kukalia fedha miaka kumi mingine? Sheria ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ya 1994 inakataza kufanya biashara ya hisa kwa kutumia taarifa muhimu ambazo umma haujapewa, kwa hiyo bosi aliyenunua kihalali hakuuzii siri. Anakuonyesha mwelekeo wake na tumaini lake.

Kabla hujaupima mwelekeo huo, hakikisha amenunua kweli. Marekani, ambako rekodi hizi ni nyingi, sheria ya mwaka 2002 inawataka wakurugenzi na maofisa wakuu kuripoti miamala yao ndani ya siku mbili za kazi, kwenye fomu namba 4. Kila muamala una herufi. P ni kununua sokoni kwa fedha yako. A ni hisa ulizopewa na kampuni kama sehemu ya malipo. M ni kutumia haki ya kununua kwa bei iliyopangwa zamani. F ni hisa zilizobaki kwa kampuni ili zilipe kodi yako. G ni zawadi. S ni kuuza. Vichwa vya habari vinavichanganya vyote hivi, "bosi kaongeza hisa", "bosi kapunguza hisa", wakati herufi inayosema jambo kwa sauti ni P, na S kwa mbali kidogo. Warren Buffett amekuwa akitoa hisa za Berkshire Hathaway, kampuni hodhi ya Marekani aliyoiongoza kwa miaka mingi, kama msaada kila mwaka tangu 2006. Umiliki wake unashuka, lakini ni G, na anayesoma kwamba mzee anakimbia meli yake amesoma vibaya.

Kuuza nako kusikutie hofu ya haraka. Pale mnada wa Weruweru, Januari, ng'ombe wengi wanaouzwa hawana ugonjwa wowote. Ada ya shule imefika. Bosi naye ana ada, ana nyumba anayojenga, ana talaka, ana urithi wa kupanga. Husemwa kwamba mtu huuza kwa sababu mia lakini hununua kwa sababu moja tu, kwamba anaona bei itapanda. Nusu ya kwanza naikubali. Ya pili inanikwaza, hasa kwenye kampuni hodhi. Wapo wanaonunua kwa kuwa kanuni ya bodi inawataka wawe na kiasi fulani. Wapo wanaonunua kidogo ili waonekane wamenunua. Wapo waliokopa kwa dhamana ya hisa zao, na bei ikianguka benki inabisha hodi, hivyo wana sababu ya kuishikilia isianguke. Na wapo, nao ndio wa kuangaliwa kuliko wote, wanaonunua mamlaka, bila kujali bei sana.

Hapo baba mdogo aliacha chai ipoe, kwa kuwa hapo ndipo ile mizigo miwili inapokutana. Rudi kwenye kampuni yetu ya hisa milioni 10. Mwanahisa mkubwa ana milioni 4, yaani 40%. Kampuni inanunua na kufuta hisa milioni 2 kutoka kwa wengine, yeye hauzi hata moja. Zinabaki milioni 8, na milioni 4 zake sasa ni nusu. Amefika 50% bila kutoa shilingi mfukoni. Fedha iliyompeleka huko ilikuwa ya wote, na yako ikiwemo. Akinunua hisa chache tu mwenyewe sokoni, amevuka. Magazeti yataandika kwamba kampuni inanunua na bosi ananunua, imani juu ya imani. Na huenda hesabu ya thamani ikawa nzuri pia, waliobaki wakapata zile 44 zao au zaidi. Lakini kihamba kimepata mzee mmoja wa ukoo asiyehitaji kuuliza mtu, na punguzo lililotokana na kukosa sauti lina sababu mpya ya kubaki. Uingereza kanuni za utwaaji wa kampuni zimeliona hili siku nyingi: anayefika 30% hutakiwa kutoa ofa ya kununua hisa za wengine wote, na kupandishwa na ununuzi wa kampuni yenyewe nako kunahesabika, isipokuwa wanahisa wasio upande wake wakubali kumsamehe.

"Kwa hiyo wanatupunja," alisema.

Si lazima. Ila ukweli mmoja haupendezi kusemwa. Kampuni inaponunua kwa 600 kitu cha 1,000, ile 400 haikuanguka kutoka mbinguni, imetoka kwa aliyeuza. Mara nyingi ni mjane anayetaka fedha za matibabu, au mtoto aliyerithi cheti asichokielewa. Mimi sioni ubaya kampuni kununua kwa bei ya chini, mradi aliyeuza amepewa hesabu zilezile anazozisoma mkurugenzi. Kampuni inayotangaza thamani ya mali zake mara kwa mara na kwa lugha nyoofu, kisha ikanunua, imecheza mezani. Inayonyamaza miezi kumi, ikanunua kwa wingi, ndipo ikatoa taarifa kwamba mali zimepanda, hiyo nitaikumbuka hata kama nimo upande uliofaidika.

Gawio je? Kampuni ileile ingeweza kugawa ile milioni 600: shilingi 60 kwa hisa, na kwa kuwa gawio la kampuni zilizoorodheshwa DSE hukatwa kodi ya zuio ya 5%, mkononi zinafika 57. Lakini mali nazo zimeshuka hadi 940. Ukijumlisha hujaongezeka, umehamisha tu kutoka sandukuni kwenda mfukoni na kumwachia TRA chake. Kununua chini ya thamani kunakuongezea, ila kunakuongezea kitabuni. Mstaafu anayelipia dawa haendi duka la dawa na kitabu. Baba mdogo alicheka akasema yeye anataka zile 57.

Mfano wa dunia uliosheheni ni Berkshire. Kwa miaka mingi haikununua hisa zake karibu kabisa. Septemba 2011 ikatangaza itanunua zikishuka hadi 110% ya thamani ya vitabu, yaani mali ukitoa madeni kama zilivyoandikwa kwenye hesabu zake. Desemba 2012 ikapandisha kikomo hadi 120%, siku ileile ikitangaza imenunua hisa 9,200 za daraja A, zile za bei kubwa, kutoka mirathi ya mwanahisa wa siku nyingi, kwa dola 131,000 kila moja. Mwaka 2018 kikomo cha namba kikaondolewa, ikawa ni hukumu ya Buffett na makamu wake Charlie Munger kwamba bei iko chini ya thamani iliyokadiriwa kwa tahadhari. Mwaka 2020 ilitumia dola bilioni 24.7, na 2021 karibu bilioni 27. Kisha angalia 2024: robo ya tatu ya mwaka haikununua hata hisa moja, na robo iliyofuata vilevile. Hakuna aliyepiga tarumbeta. Lakini kwa kampuni iliyokwisha kujiwekea sharti la bei, ukimya ni taarifa.

Watu wa ndani wa Berkshire nao waliandika yao. Mwaka 2022 Greg Abel, aliyekwisha kutajwa kuwa mrithi wa Buffett, aliuza kwa kampuni sehemu yake ya tawi la nishati kwa dola milioni 870. Septemba mwaka huohuo akanunua hisa 168 za daraja A kwa takriban dola milioni 68. Ni ununuzi wa kweli, kwa fedha yake, sokoni. Lakini ukiupima kwa zile 870 kabla ya kodi, ni kipande tu, na mrithi asiyekuwa na hisa za maana alikuwa anaulizwa maswali. Nia na thamani hapo zimekaa kiti kimoja. Kisha Septemba 2024 Ajit Jain, mkuu wa bima, akauza hisa 200 za daraja A kwa karibu dola milioni 139, zaidi ya nusu ya alizokuwa nazo, kwa bei ya takriban 695,000. Mzee wa umri wa miaka sabini na kitu anaweza kuuza kwa mambo yake ya familia. Hata hivyo aliuza ndani ya robo ileile ambayo kampuni iliacha kununua, chini ya wiki mbili baada ya Berkshire kuvuka thamani ya dola trilioni 1. Bosi mmoja kuuza, peke yake, ningempitia. Bosi kuuza na kampuni yenyewe kuona bei si ya kununulia, hapo naweka kalamu chini nasoma upya.

Na bado, aliyeuza siku hiyo kwa sababu ya ishara hizo aliiona hisa ikipita dola 800,000 Mei 2025. Ishara zile zilizungumzia bei dhidi ya thamani. Kalenda hazikuitaja.

Karibu na nyumbani kuna Centum, kampuni ya uwekezaji ya Kenya. Mwanzoni mwa 2023 wanahisa wake waliidhinisha kampuni kununua hadi 10% ya hisa zake, kwa bei isiyozidi shilingi 9.03 za Kenya, wakati vitabu vyake vikionyesha mali za thamani ya mara kadhaa ya bei hiyo kwa kila hisa. Kwa hesabu yangu ya daftarini hiyo ni karamu. Lakini sehemu kubwa ya mali hizo ni majengo, ardhi na kampuni zisizoorodheshwa, ambazo thamani yake hukadiriwa na mthamini na si mnada wa kila siku, na soko lilikuwa linazipunguza kichwani kabla hata ya kufikia suala la sauti. Hisa za NMB zina bei kila siku ya kazi. Jumba lenye maduka yasiyopangishwa lina bei siku litakapopata mnunuzi. Kisha idhini ya kununua hadi 10% si kununua 10%. Bodi inaweza kuibeba idhini mpaka iishe muda wake bila kununua kitu cha maana.

Hesabu ya mwisho niliyomwonyesha ni ya kuchosha, nayo hunifaa kuliko zote: idadi ya hisa mwanzoni mwa mwaka na mwishoni. Kampuni inaweza kununua milioni 1 kwa mkono wa kulia na kutoa milioni 1 mpya kwa mameneja kwa mkono wa kushoto; tangazo lilikuwa kubwa, idadi haikusogea. Angalia pia fedha imetoka wapi. Kuuza hisa za benki kwa bei ya soko ili kununua zako zenye punguzo ni biashara unayoweza kuitetea mbele ya mtu yeyote. Kukopa kwa riba ya tarakimu mbili kwa kazi hiyohiyo kunahitaji mtetezi hodari.

Tukarudi kwenye ujumbe. Baba mdogo alikuwa amechapisha tangazo lenyewe stesheneri, kurasa mbili, akalisoma sasa kwa miwani. Kampuni ilikuwa imepewa idhini. Iliyonunuliwa hadi siku hiyo, sifuri. Bei ya juu haikuandikwa. Mkurugenzi alikuwa amenunua hisa 20,000, kwa bei ya 600.

"Milioni 12," akasema. "Huyu kwake milioni 12 si mshahara wa mwezi mmoja?"

"Huenda hata hazifiki mshahara huo."

Akageuza ukurasa wa pili, akaukuta mstari mdogo chini: mwanahisa mkubwa, 41%, hatauza hisa zake katika zoezi hili. Alipiga mstari chini yake kwa kalamu nyekundu, ile ya kusahihishia, akachukua simu na kuwaandikia wastaafu wenzake, herufi moja moja kwa kidole cha shahada: "Kabla ya kununua, nani ana idadi ya hisa za mwaka jana?"